Nilisingizia Stima

Wasee, hii post ni ya aibu kidogo, lakini kuna kitu cha kubeba ndani, hasa kama unaediti na laptopu ya mitumba kama yangu.

Mwaka jana nilipewa kazi ya kurekodi mazishi kule Seme. Mzee wa mtaa wetu hapa Manyatta alikuwa anarudishwa nyumbani. Mwanawe anaishi ploti ya nyuma, na mimi humwita brathe kwa sababu ya umri. Alinipa diposti ya shilingi 3,000. Dada zake wawili wako Qatar na hawakupata ruhusa ya kuja. Kitu walichotaka sana ni hotuba ya Dani, mama yao, akimuaga mzee. Karibu dakika 20, yote kwa Dholuo.

Nilirekodi kwa simu, 4K, nikijiona director. Shida ilianza nikirudi nyumbani. Laptopu ni Core i3 ya kizazi cha 4, RAM ni 4GB. Nikibonyeza play, picha inatembea sekunde mbili halafu inaganda. Feni inalia kama posho mill. Programu ikajifunga mara sita usiku mmoja. Mbaya zaidi, hotuba ya Dani ikifika katikati, mdomo unasema hivi na sauti inasema vile.

Siku ya nne brathe akauliza video iko wapi. Nikamjibu, "Stima imepotea, brathe, tangu jana." Akanyamaza kidogo kwenye simu. "Stima gani? Mimi niko kwa kinyozi hapa Kondele, mashine inanguruma kichwani." Halafu akasema polepole, "Dada zangu wanalia kila usiku. Kama huwezi, sema."

Hiyo ilinimaliza. Nilikuwa nimeshafikiria kukata hotuba ya Dani ibaki dakika mbili, eti ni ndefu. Nilikuwa tayari kumnyamazisha mjane kwa sababu nilikuwa naona aibu kusema mashine imenishinda.

Usiku huo niliacha kubahatisha nikafungua Task Manager. Diski ilikuwa asilimia 100, RAM karibu imejaa. Kumbe nilikuwa naediti video moja kwa moja kutoka kwa flashi, na brauza ina tabu kumi na kitu. Nikahamisha faili zote kwenye laptopu, nikafunga brauza. Kuganda kulipungua, lakini hakukuisha.

Sababu ya pili ni simu yenyewe. Ilikuwa imehifadhi video kwa H.265, ambayo inabana faili sana, na kuifungua ni kazi nzito. Kiwango hicho kilipitishwa 2013, na prosesa yangu ni ya mwaka huohuo, kwa hivyo haina sehemu maalumu ya kukifungua kikamilifu. Inabidi isukume kwa nguvu za kawaida. Dawa yake ni proksi: programu inakutengenezea nakala ndogo za klipu, unaediti hizo, halafu wakati wa kutoa video inarudi kwa zile kubwa. Kdenlive na Shotcut zinafanya hivyo na ni za bure. Kutoka 4K hadi 960 kwa 540, pikseli zinapungua mara 16. Laptopu ikapumua.

Na ile sauti? Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde ikiendelea kurekodi, na programu nyingine za kuediti zinachanganyikiwa. Nikapitisha hotuba ya Dani kwenye HandBrake, nikachagua fremu 30 zisizobadilika. Mdomo na sauti vikakutana.

Nikagawanya kazi vipande vinne, nikatoa kimoja kimoja kwa 1080p, laptopu ikiwa juu ya vizibo vinne vya soda ipate hewa chini. Nilimaliza alfajiri, muadhini akiita.

Lakini kabla ya hayo yote nilikuwa nimempigia brathe. Nikamwambia ukweli: stima ilikuwepo, mashine yangu ni dhaifu, nipe siku mbili. Akacheka kidogo. "Ungesema hivyo Jumatatu, omera."

Sitawadanganya kwamba mashine mbovu inakujenga. Inakula usingizi wako, na nikipata pesa nitaongeza RAM na kuweka SSD bila kufikiria mara mbili. Maoni yangu ni haya: kabla ya kuchukua diposti ya mtu, jaribu klipu moja kwenye mashine yako, ujue inabeba nini. Na ikikushinda, sema mapema.

Siku hizi narekodi 1080p. Dani aliitazama ile video kwa simu ya mwanawe, hotuba yake yote. Ilipoisha aliomba irudishwe mwanzo.