Mashine Inazima Kwenye Sailensa

Mimi ni mtoto wa Kasulo, Ngara. Kwetu hakuna ziwa la kutia mashine. Kuna Mto Ruvubu unaokwenda kukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na kuna barabara. Pale Benako barabara inagawanyika: mkono mmoja unakwenda Rusumo na Rwanda, mwingine Ngara mjini, Kabanga na Burundi. Wengi mnaijua Benako kwa ajili ya kambi ya wakimbizi wa 1994. Mwaka huo nilikuwa na miaka minne. Benako ninayoikumbuka mimi ni ya malori, mahindi ya kuchoma na petroli ya kwenye chupa. Hapo ndipo nilipojifunza, nikiwa darasa la sita, kwamba mafuta ya taa ukiyatia kidogo kwenye petroli, mteja hang'amui.

Ujuzi huo nilikwenda nao Nyamirembe.

Ilikuwa 2009. Kidato cha nne kilikuwa kimenikataa, mama akanituma kwa kaka yake akanifundishe uvuvi. Wakati huo Nyamirembe ilikuwa bado Mkoa wa Kagera. Geita haijawa mkoa mpaka 2012. Mjomba alikuwa na mtumbwi wa dagaa na mashine moja ya farasi 15, ya kuvuta kamba, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Usiku wa giza tulitoka na karabai, dagaa wakafuata mwanga, tukavuta nyavu. Kazi yangu ya mchana ilikuwa kununua mafuta: petroli na oili ya mashine, mafuta ya taa ya karabai. Lita 50 za petroli, lita 1 ya oili. Mjomba hakuwahi kunihesabia chenji. "Mjomba," aliniambia, maana na yeye aliniita hivyohivyo, "wewe ni damu yangu."

Ndugu msomaji, mimi nilitaka kuwa mwandishi. Nilitaka kaunta buku, tena zile nene. Mjomba kwake kuandika ni kazi ya mtu aliyekosa kazi, hivyo kumwomba hela ya daftari sikuthubutu. Nikakumbuka Benako. Katika dumu la lita 20 nikawa natia lita 16 za petroli na lita 4 za mafuta ya taa, ambayo bei yake siku hizo ilikuwa chini sana. Tofauti nikaitia mfukoni. Kaunta buku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hadithi zangu za mwanzo zote zimo humo.

Baada ya wiki chache mashine ikaanza kisirani. Ukiipa resi inakwenda kama kawaida. Ukipunguza tu, ikoroge kidogo, itetemeke, pwaa! Imezima. Na dagaa kazi yake ni ya polepole: unakaribia taa taratibu, unaizunguka nyavu taratibu. Mashine ikizima hapo, mtumbwi unageuzwa ubavu na mawimbi, na wewe unavuta kamba mpaka bega linawaka.

Mjomba akatumia dawa aliyoijua. Akakaza skrubu ya sailensa. Mngurumo ukapanda, mashine ikaacha kuzima. Tukafurahi. Wiki moja baadaye ikazima tena, akakaza tena. Mwisho ukawa huwezi kwenda polepole hata ukitaka. Ukitia gia mtumbwi unaruka.

Alfajiri moja tulirudi mwaloni na upepo nyuma yetu. Mshikaji wangu, kijana wa rika langu, alikuwa mbele ameshika kamba, tayari kuruka. Mjomba alipunguza mpaka mwisho, lakini mwisho wenyewe ulikuwa juu. Akaogopa kuzima kabisa, kwa sababu ikizima upepo utatutupa kwenye mawe. Tukaingia kwa kasi. Mshikaji akaruka, akateleza, na mguu wake ukabaki katikati ya ubao na jiwe.

Sauti ile sitaiandika. Mguu ulivunjika juu kidogo ya kifundo.

Siku ya tatu akaletwa fundi, mzee mmoja asiye na maneno mengi. Akauliza, "Inazima kwenye resi au kwenye sailensa?" Tukasema sailensa. "Basi tangi na mpira mziache kwanza. Ingekuwa mafuta hayafiki, ingezimia kwenye resi, maana huko ndiko inakokunywa sana." Akafungua plagi. Zote nyeusi, zimelowa. Akafungua kabureta, akatoa jeti ndogo, ile ya sailensa, akainyoosha kwenye jua. Tundu lake jembamba kama unywele, na lilikuwa limezibwa na utando. Hakulichokonoa kwa waya, alisema waya unalipanua. Aliliosha akalipuliza kwa pampu ya baiskeli.

Halafu akanusa dumu. Akaniambia, "Kijana, nipe karatasi."

Nilichana ukurasa wa mwisho wa kaunta buku. Akadondosha tone moja juu yake, akaliacha juani. Petroli safi ikikauka haiachi kitu. Ile ilikauka, ikabaki duara la mafuta katikati ya karatasi yangu.

"Nani ananunua mafuta?"

Mjomba akajibu kabla yangu: "Huyu ni mpwa wangu. Hawezi. Wamemwibia huko dukani."

Na mimi nikanyamaza.

Fundi alinitazama, akarudisha sailensa mahali pake, akaondoka. Mashine ikanguruma chini kwa chini, ukaweza kusikia maji. Nilinyamaza siku 11. Ya 12 nilikwenda kwa mshikaji, mguu bado uko kwenye plasta, nikamweleza yote. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo yale madaftari ndiyo mguu wangu?"

Sikuwa na jibu. Jioni hiyo nilimwambia na mjomba. Hakunipiga. Alihesabu nauli mpaka Benako, akaniwekea mkononi, na tangu hapo akaanza kuniita kwa jina langu.

Mwaka 2010 mafuta ya gari yakaanza kutiwa vinasaba ili wachakachuaji wakamatwe, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili mchezo usilipe. Sawa. Mimi hakunikamata mtu.

Nyinyi mnaoandika kama mimi mtaniuliza kaunta buku zile ziko wapi. Ninazo, tatu. Nimejaribu mara nyingi kuzitengeneza hadithi zile zisomeke, nikaongeza vituko na makelele, sawasawa na mjomba na skrubu yake. Kumbe iliyokuwa imeziba ni hii. Mshikaji bado anachechemea kidogo, hasa asubuhi kukiwa na baridi. Nakala ya kwanza ya ukurasa huu nimempelekea yeye.