Siku nne kando ya Luapula na ziwa Moero

Wengi wetu katika miji ya kazi tunajua safari mbili tu: ile ya kwenda kazini na ile ya kwenda kilio. Mwisho wa mwezi wa nane, mimi na bibi yangu tulifanya ya tatu. Watoto wetu wamekwisha kuoa na kuolewa, nyumba imekuwa kimya, na sisi wawili tulifika mahali pa kuzungumza tu juu ya feza ya unga na ya umeme. Basi tukatoa viti vya nyuma katika basi letu kidogo la zamani, tukaweka godoro, mbabula, mufuko wa makala, sufuria mbili na Biblia. Gari likawa nyumba. Tukashika barabara ya Kasenga.

Toka Lubumbashi mpaka Kasenga ni zaidi ya kilometa 200, upande wa kaskazini-mashariki. Unapita vichuguu vikubwa, vingine virefu kupita nyumba. Halafu ni pori, na mifuko ya makala imepangwa kando ya njia ikingoja magari ya mji. Wakati ule miti inatoa majani mapya, mekundu kama moto, hata mvua haijanyesha bado. Bibi yangu akaniambia nisimamishe gari. Tulitazama tu, bila kusema kitu. Ni miaka mingi hatukufanya vile.

Kiisha mto ukatokea. Luapula ni mpana, na ng'ambo ile ni Zambia. Mwaka wa 1894 Waingereza na mufalme Leopold wa Ubelgiji walipatana juu ya mipaka, na mto ukagawanya jamaa. Lakini watu wa pande zote mbili wanasema Kibemba, wanaoana, na wanavuka kwa mtumbwi kwenda soko na kilio.

Mangaribi tulikula pale, samaki mubichi wa siku ile ile, na bukari na lengalenga. Wenyeji wakatuletea munkoyo. Nani kati yetu hajui munkoyo? Lakini wachache tunajua unavyotengenezwa. Mama wa pale alituonyesha: unapika uji wa unga wa mahindi, unauacha upoe, unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Ile mizizi njo inageuza unga kuwa sukari, uji unakuwa mwepesi na mutamu. Kesho yake unaanza kuwa mukali kidogo. "Ukikawisha siku nyingi," mama yule akacheka, "usimupe pasteri." Sisi tulikunywa ule wa siku ya kwanza.

Muzee mumoja muvuvi alikaa nasi kwenye moto. Akatusimulia habari ya mpumbu, ambaye baba yake alimuvua. Zamani, mvua ikianza, mpumbu walipanda mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai. Wafanyabiashara Wagriki walikaa Kasenga, walikuwa na mashua na barafu, na malori yao yalipeleka samaki Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Wafanyakazi wa migodi walilishwa samaki wa mto huu. Nyavu zikatiwa palepale samaki walipopita na mayai tumboni. Mwisho wa miaka ya 1940 mpumbu walikwisha kupunguka sana, na makundi yale hayakurudi tena. Wazazi wetu walikula, na sisi tunajua jina tu.

Siku ya tatu tulifika Kilwa. Ziwa Moero lina karibu kilometa za mraba 5.000, na mbele yako unaona kisiwa kinachoitwa Kilwa vilevile, lakini kile ni cha Zambia. Maji yake yanatoka Pweto kwa mto Luvua, yanaingia Lualaba, yanakwenda mpaka bahari. Mji huu ulilia mwezi wa kumi 2004, wakati watu zaidi ya 70 walikufa katika mapigano na kisasi. Tulisali pale kabla ya kwenda soko.

Na katika soko ndipo tuligombana. Mazuti yetu ilibakia kidogo, na feza pia. Nikaona mifuko ya watoto wa pale waliokaushwa, wadogo kama kidole, waliovuliwa na chandarua cha mbu. Bei ilikuwa chini kabisa.

"Mama, tuchukue mufuko moja. Tukiuzisha ku soko ya Kenya, tutapata makuta ya mazuti na itabakia."

"Hapana, Baba. Hii ni batoto. Haikuzala hata mara moja."

"Kama si sisi, mwengine atachukua!"

Nilimuonyesha hesabu yangu kwenye kikaratasi. Ilikuwa sawa kabisa. Aliisoma yote, akanirudishia.

"Ba Greki nabo balikuwa na hesabu muzuri," akasema.

Sikumujibu. Nilikasirika mpaka usiku. Lakini katika kulala nilisikia maji yanapiga mchanga, na nikafikiri juu ya wajukuu wetu. Asubuhi nilikwenda mwenyewe kununua kabambale kumi wakubwa, waliokaushwa kwa moshi. Faida yake ilikuwa ndogo. Mazuti ilitosha kufika nyumbani, na mwezi ule tuliufunga kwa shida.

Ndugu zangu, Zambia inafunga uvuvi wa Luapula na Moero tangu tarehe 1 ya mwezi wa kumi na mbili mpaka mwisho wa mwezi wa pili, ili samaki wazae. Ziwa ni moja. Muvuvi mwenye njaa hawezi kuacha peke yake, kama sisi wa mji tunalipa wadogo. Mama, ukifika soko, tazama ukubwa wa samaki. Kisense ni mudogo kwa kuzaliwa kwake, huyo kula bila shaka. Lakini mutoto wa pale, muache.

Jumapili kabambale walikuwa mezani, watoto walikuja na wajukuu. Mukubwa akauliza safari ilileta faida gani. Bibi yangu akanitazama, akangoja. Nikawasimulia habari ya mpumbu.