Friji Kubwa Limekwama Sebuleni

Mpenzi msomaji, hebu hesabu nyumba ulizotembelea mwezi huu. Ni ngapi ambazo friji lilikuwa sebuleni, jirani na televisheni, juu limefunikwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa maua ya plastiki? Mimi nimehesabu nne, na ni hapa hapa Mwanza, kwa watu wenye kazi zao nzuri na magari yao. Tumezoea kusema jiko ni dogo. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Friji la sebuleni linaonekana. Mgeni akiingia tu anajua humu ndani watu wamejipanga. Tatizo ni moja: hakuna anayepika sebuleni.

Kwetu friji kubwa lilikaa sebuleni siku 26. Katika siku hizo nimeona jinsi sentimita chache zinavyoweza kuitikisa ndoa ya miaka minane, ndoa ambayo mambo makubwa zaidi hayakuitikisa.

Nyumba yetu iko mlimani, Isamilo. Anayeijua Mwanza anaelewa maana yake: ukichimba kidogo tu umekutana na jiwe. Jiko letu limeegemea jabali, kwa hiyo ukuta wa nyuma hausogei hata uje na baruti. Makabati niliyaweka mimi mwaka 2019, kwa hela ya upatu niliocheza na wenzangu kumi kazini. Mbao ya mninga, milango ya fremu, juu granite. Nafasi ya friji ilikuwa na upana wa sentimita 62, na friji letu la wakati huo lilikuwa na 55. Lilitutosha kabisa.

Kilichobadilisha mambo ni daraja. Mume wangu, Baba Neema, anafanya kazi Geita. Enzi za kivuko, kwa zile foleni za Kigongo na Busisi, alikuwa anakuja mara mbili kwa mwezi. Juni 2025 likafunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji ya ziwa, na kuvuka kukawa kitu cha dakika chache. Akaanza kuja kila Ijumaa.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini mtu akirudi nyumbani harudi peke yake. Anarudi na hamu zake za kula, marafiki zake na mipango yake. Jumamosi alfajiri yuko Mwaloni Kirumba, saa mbili asubuhi anaingia na sangara mzima wa kilo nane, kambeba kama mtoto. Sangara ni samaki anayeweza kupita kilo 100, kwa hiyo huyo wa kilo nane kwa wavuvi ni kijana tu. Sasa jaribu kumwingiza kwenye friza yenye ukubwa wa droo ya soksi! Hapo mama mkwe naye katuma sato kwa meli kutoka Ukerewe. Nikawa nagawa samaki kwa majirani, si kwa ukarimu, bali kwa kukosa pa kuwaweka.

Basi Ijumaa moja Baba Neema kaingia na kirikuu, nyuma kuna boksi refu kama kabati la nguo. Kapata bonasi, kanunua friji la milango miwili. Upana sentimita 70, urefu 178, kina 68. Watoto walishangilia, na mimi nilishangilia. Vijana wakalibeba, mlango wa jikoni likapita, likafika kwenye nafasi yake likagoma. Likarudishwa sebuleni. Mwenzangu akalitazama, akasema, "Mbona hapa linapendeza."

Wiki ya kwanza sikusema kitu. Zawadi ni zawadi, na yule mtu alikuwa amenikumbuka. Wiki ya pili nikamwambia, "Baba Neema, tuite seremala." Akakubali, ila mawazo yake yalikuwa kung'oa kabati zima la pembeni ili friji lake likae kwa nafasi. Nikasema hapana. Kabati lile ndilo lenye unga, mchele, mafuta na sufuria za kila siku. Vyote viende wapi? Tukavutana mpaka akatamka neno ambalo lilinikaa kifuani: "Basi wewe baki na kabati zako, na mimi nibaki na friji langu."

Zako. Langu. Watoto walikuwa mezani. Neema, mwenye miaka sita, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, friji la baba naruhusiwa kufungua?"

Hakuna aliyejibu. Wapenzi wasomaji, ndoa nyingi hazivunjwi na vitu vikubwa. Zinaliwa taratibu na hivi viwakilishi vidogo. Usiku ule nililala nikiwaza kwamba ugomvi wetu haukuwa wa mbao. Kwa miaka mingi mimi nilikuwa naendesha nyumba siku za wiki, yeye anakuja kama mgeni wa heshima. Sasa anataka kuwa mwenyeji, na mwenyeji anataka kuona alama yake ndani. Mimi nataka awepo, lakini sitaki kuwepo kwake kuondoe kile nilichojenga kwa jasho langu. Wote wawili tulikuwa tunaomba kitu kile kile, nafasi.

Jumapili iliyofuata sikuhubiri. Nilimwomba tu anisaidie kuniletea vitu wakati napika. Nyanya ziko frijini. Haya, pilipili hoho. Maziwa ya mtoto. Samaki. Limau. Kuanzia sebuleni hadi jikoni ni hatua 14, na sahani moja ya wali na samaki ilimfanya asimame mara 11. Ya 11 alirudi na limau mkononi, akakaa kwenye ndoo, akacheka. "Mama Neema, hii haifai." Nilimkumbatia akiwa na limau lake.

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya wanawake wavivu, mwaka 1926 mbunifu wa majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la kisasa la makabati ya kujengewa kwa ajili ya nyumba mpya za mji wa Frankfurt, Ujerumani. Kazi yake ilianzia kwenye kupima hatua na muda anaotumia mtu akipika. Nyumba zipatazo 10,000 zikajengwa na majiko ya aina hiyo, na makabati yetu ya leo ni wajukuu zake. Kumbe jambo la kwanza kuhesabiwa katika kabati ni miguu ya anayepika. Urembo unafuata.

Jioni ile tukakaa na karatasi. Tuliandika kila kinachoingia frijini kwa wiki, na nani anakitumia. Halafu tukachukua tepu. Hapa nikupe siri za ufundi, maana wengi mtazihitaji.

Usipime friji peke yake, pima na hewa yake. Mafriji mengi ya siku hizi yana mabomba ya kutolea joto yaliyofichwa ndani ya kuta za pembeni. Gusa ubavu wake likiwa linafanya kazi, utahisi moto. Ukilibana kati ya mbao, mota inahangaika muda wote na yuniti za LUKU zinayeyuka. Kila friji lina kitabu chake kinachosema liachiwe nafasi kiasi gani, kisome kabla boksi halijatupwa. Letu tuliliachia sentimita 5 kila upande na 5 nyuma, juu zaidi ya 10. Kwa hiyo friji la 70 lilihitaji nafasi ya 80. Tulikuwa na 62. Zilipungua 18.

Seremala alipokuja nikamwonyesha kwamba hatuna haja ya kung'oa kabati la pembeni, tulipunguze kutoka sentimita 60 hadi 42. Alikubali haraka. Mlango wake hakuukata pembeni, maana ungepoteza ubao mmoja wa kusimama na kubaki kama mtu mwenye shavu moja. Aliufungua wote, akafupisha mbao za kulala na ubao wa katikati, akaurudishia gundi. Ukiutazama leo hujui kama uliguswa. Fundi wa mawe akakata granite kwa grainda, maji yakimwagiwa kupunguza vumbi.

Likabaki kabati la juu. Chini yake palikuwa sentimita 150 kutoka sakafuni, na friji lina 178. Dari letu liko mita 2.9, kwa hiyo kabati la kimo cha sentimita 70 lingeweza kupanda. Fundi akamgeukia mume wangu, "Bosi, nilipandishe kiasi gani?" Kipimo kinaulizwa kwa asiyepika! Baba Neema alifungua mdomo, akaufunga, akanitazama. "Muulize anayefungua lile kabati." Fundi akaona aibu kidogo, mimi nikaona raha sana. Nikasema 190. Hotpoti na sufuria za shughuli zikahamia huko juu, kwa kuwa hatuzitumii kila siku.

Mengine ni madogo ila usiyasahau. Soketi ihamishiwe pembeni unapoweza kuifikia bila kulivuta friji, na friji liwe na soketi yake. Pima milango yote ya nyumba kuanzia geti. Hakikisha mlango wa friji utafunguka zaidi ya nyuzi 90, vinginevyo droo za ndani huenda zisitoke. Letu limetokeza sentimita 13 mbele ya kabati. Wengine wanaliona kama kasoro, lakini ndicho kinachofanya mlango ufunguke kwa raha. Na kama lilisafirishwa likiwa limelazwa, liache limesimama saa kadhaa kabla ya kuliwasha, mafuta ya mota yarudi mahali pake.

Siku ya 26 friji likaingia jikoni. Vijana walilisukuma taratibu, likakaa. Gharama ya mafundi alilipa Baba Neema, bila kuombwa. Vipande vya mninga vilivyobaki fundi alitaka kuondoka navyo, nikamzuia. Kwa mbao hizo alitutengenezea kigoda cha ngazi mbili, cha kupandia nikitaka hotpoti za juu. Kinatumika zaidi ya nilivyotarajia, kwa sababu Jumamosi ndipo Baba Neema anapokalia akipaa sangara wake, huku akinipigia stori za Geita.

Sebule yetu sasa ni ya kawaida. Mgeni akija haoni friji, anaona sisi. Neema anafungua mlango wa friji mara thelathini kwa siku, na tunamfokea wote wawili kwamba anamaliza umeme.

Tatizo la wengi wetu si vipimo. Tunanunua kwa ajili ya mwenzetu bila kumshirikisha, kisha tunashangaa zawadi imekwama mlangoni. Kushangazana kwa manukato ni vizuri, na kwa maua pia. Kitu chenye upana wa sentimita 70 kinataka kikao. Na mwenzako akikupa kitu kisichoingia, usikikatae haraka, wala usikubali kibomoe ulichonacho. Kaeni chini mtafute zile sentimita 18. Mara nyingi zipo, ila zinataka kila mmoja asogee kidogo.

Wewe na mwenzako, tepu mnayo?