Shokapu za Gari Letu

Gari letu ni dogo, wala si jipya. Mchana hubeba vitunguu kwenda sokoni. Usiku nikigongewa mlango, mara nyingi ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Barabara yetu ni ya vumbi, ina matuta madogo madogo kama bati la nyumba. Barabara ya namna hii hula shokapu.

Watu wengi hudhani shokapu hubeba uzito wa gari. Sivyo. Uzito hubebwa na springi. Lakini springi ikibonyea, huruka juu, hushuka, hupanda tena. Kazi ya shokapu ni kuituliza. Ndani yake mna oili, na mna pistoni yenye vitundu vidogo. Oili hupita kwa shida katika vitundu hivyo, na kule kuruka kunakwisha. Shokapu ikichoka, tairi hurukaruka. Na tairi lililo hewani haliwezi kulisimamisha gari, hata ukikanyaga breki kwa nguvu zote.

Mwaka huu niliona matairi ya nyuma yanalika mabaka mabaka. Nikabonyeza pembe ya gari kwa nguvu, nikaachia. Gari zima hupanda, hushuka, likatulia. Letu lilinesa mara nne. Nikachungulia chini. Shokapu moja ilikuwa imevuja oili, na vumbi limeganda juu yake.

Dukani nilionyeshwa aina tatu. Za kwanza zilikwisha tumika Japani. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya bei ya mpya. Fedha niliyokuwa nayo ndiyo hiyo hiyo ya mbolea, kwa hiyo nilizitazama sana. Lakini shokapu iliyotumika haisemi imetembea kilomita ngapi. Za pili zilikuwa ngumu, za watu wanaopenda kwenda kasi kwenye lami. Hizo zingemtikisa mgonjwa mpaka mifupani. Za tatu zilikuwa mpya za kawaida, zenye oili pamoja na gesi ya naitrojeni. Matuta hupasha oili moto, na gesi hiyo huzuia oili isitoe povu. Oili yenye povu haina nguvu ya kuizuia pistoni.

Nikachagua za tatu. Muuzaji akaniletea boksi, akasema, "Mzee, hizi zinaingia tu." Nilikuwa nimeandika namba za shokapu zetu kwenye karatasi. Nikasoma boksi. Namba hazikulingana. Alirudi stoo mara mbili ndipo akaleta zenyewe.

Fundi alitaka kubadili ile iliyovuja tu. Nikamwambia, "Fundi, funga zote mbili za nyuma." Upande mmoja ukiwa mpya na wa pili umechoka, gari huyumba kwenye kona. Alipofunga, alikaza boliti za mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, ili mipira isijipinde. Huyo ni fundi anayejua kazi.

Mbolea nimenunua nusu. Shokapu za mbele bado hazivuji. Nitazipima tena masika yakiisha.