Siku Mashine Ilipogoma Mtangawanda

Msomaji mpendwa, ukinisikia nikizungumza juu ya gari usinicheke. Mimi ni mzaliwa wa visiwa vya Lamu, na utotoni mwangu gari tulilolijua pale mjini lilikuwa moja tu, la Mkuu wa Wilaya, nalo lilikwenda na kurudi kwenye barabara ya ufukweni kwa kuwa halikuwa na pengine pa kwenda. Siku hizi pikipiki zimeingia kisiwani, lakini vichochoro vya mji mkongwe, ule ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, bado ni vya watu na punda. Ukikutana na punda aliyebeba mawe ya kujengea, ni wewe utakayejibana ukutani, si yeye.

Pamoja na hayo, majuzi nilitengeneza gari, tena gari la kisasa linalowashwa kwa rimoti, na sikushika hata spana. Nitakusimulia, lakini kwanza sharti nikurudishe nyuma hadi Agosti ya 1995, kwenye gati ya Mtangawanda, kisiwani Pate.

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari mjini Mombasa, nimekuja likizo. Dada yangu alikuwa ameolewa Pate, na usiku huo uchungu ulimshika. Mkunga alikaa naye hadi saa tisa za usiku, kisha akatoka nje akamwambia shemeji yangu maneno machache: mtoto amekaa vibaya, mpelekeni Lamu. Akapandishwa punda, tukashika njia ya Mtangawanda kwa taa ya kandili na tochi moja.

Hapa ni lazima nikueleze jambo la maji, wewe unayesoma ukiwa Nairobi. Baina ya Pate na Lamu kipo kisiwa cha Manda. Njia fupi, yenye maji matulivu, hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, wenye mikoko huku na huku. Lakini Mkanda hupitika maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, boti hukwama kwenye tope, na anayetaka kufika Lamu huzunguka nje ya Manda kwenye bahari kuu. Agosti ni msimu wa kusi, na mawimbi ya nje hayana simile. Mwanamke mwenye uchungu humpitishi huko. Siku hiyo ilikuwa bamvua, maji yalijaa kiasi cha saa kumi za alfajiri. Tulipofika gatini yalikuwa yameanza kurudi.

Boti ilikuwa ya ami yangu, yenye mashine ndogo ya nyuma, ile ya kuvuta kwa kamba. Ami alikuwa bado nyuma akimsaidia dada kutembea, kwani punda alikataa kukanyaga mbao za gati. Nikajiambia: mimi ndiye msomi, niiwashe mashine kabla hawajafika. Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta choki, nikavuta kamba tena. Nikavuta mara ishirini, pengine thelathini, hadi viganja vikachubuka. Harufu ya petroli ikatapakaa. Nikaanza kuwaeleza watu kwa sauti kubwa kwamba bila shaka koili imeungua, na kwamba nilisoma habari za koili katika somo la fizikia.

Ami akafika. Hakuniuliza kitu. Alimulika tochi kwenye mashine, akapapasa upande mmoja, kisha akainama akaokota kitu sakafuni mwa boti: kamba nyekundu iliyosokotwa kama waya wa simu, yenye kibanio cha plastiki mwishoni.

Kibanio hicho, msomaji, ndicho uhai wa mashine. Nahodha hujifunga kamba mkononi, na kibanio hukaa chini ya kitufe cha kuzimia. Akianguka majini, kibanio huchomoka na mashine huzima papo hapo, isije ikamkata kwa rafadha au ikamwacha baharini. Kikiwa hakipo mahali pake, plagi haitoi cheche. Unaweza kuvuta kamba hadi kiyama. Tena kila ulipovuta ukiwa umefungua choki, uliimwagia petroli isiyoungua, hata plagi ikalowa chepechepe. Kwa maneno mengine, mashine ilikuwa nzima. Mharibifu nilikuwa mimi.

Ami alichomeka kibanio, akafungua plagi, akaifuta kwa ncha ya kikoi chake, akavuta kamba mara kadhaa tundu likiwa wazi ili petroli iliyozidi itoke. Akarudisha plagi, akafunga choki, akahakikisha gia haijaingia. Mvuto wa pili mashine ikanguruma. Nafikiri hayo yote hayakuzidi dakika kumi, ingawa dada yangu mpaka leo anaapa kwamba ilikuwa saa nzima.

Mambo hayakuishia hapo. Tulipokuwa tunaukaribia Mkanda, mashine ikakohoa ikazima. Wanawake wakaanza kusoma dua. Mara hii mimi nilinyamaza. Ami akashika ile pampu ya mpira iliyo kwenye bomba la mafuta: ilikuwa imebonyea, imenywea kama tunda bovu. Akacheka, wallahi akacheka, akanyoosha mkono akalegeza skrubu ndogo juu ya kifuniko cha tangi. Tukasikia hewa ikiingia kwa mluzi. Tangi likizibwa kabisa, petroli hutoka kidogo kisha hukwama, kwa sababu hakuna hewa ya kujaza nafasi yake. Akaibinya pampu hadi ikawa ngumu, akavuta kamba, tukaenda. Katikati ya Mkanda tuligusa tope mara mbili, shemeji na mimi tukashuka kusukuma, maji yakitufika mapajani. Jua lilikuwa limekwisha kupanda tulipoiona Lamu, na kabla ya adhuhuri dada alijifungua kwa upasuaji. Mtoto wa kiume.

Mtoto huyo sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake Mombasa, na ndiye mwenye gari nililokutajia. Ni katika yale yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kushushwa bandarini, na mwenyewe wa kwanza alilifungia kifaa cha kuliwashia mbali. Mpwa wangu hubonyeza rimoti akiwa bado anakunywa chai, ili kipoza hewa kitangulie kufanya kazi. Kwa joto la Mombasa simlaumu. Nilimkataza tu kuliwasha likiwa ndani ya gereji iliyofungwa, maana moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na anayewasha kutoka chumbani haoni moshi unaelekea wapi.

Jumamosi moja gari likagoma. Kwa ufunguo liliwaka, kwa rimoti halikuwaka. Nilipofika kwake alikuwa amekwisha kumwita fundi wa umeme, na fundi kwa simu amekwisha kutaja bei ya kubadilisha kifaa kizima. Nikamwomba anipe nusu saa.

Tulianza na rimoti. Betri yake ni ile bapa kama sarafu, ya volti 3. Tukaweka mpya, hali ikawa ile ile. Hata hivyo taa za gari zilimetameta kila alipobonyeza, maana yake ujumbe ulikuwa unafika na gari ndilo lililokataa. Betri kubwa haikuwa na lawama, kwani ufunguo uliwasha mara moja. Gia ilikuwa kwenye P. Milango yote ilifungwa.

"Nani aliligusa gari hili mara ya mwisho?" nikauliza.

"Kijana wa kuosha, mjomba. Jana jioni."

"Aliosha na injini?"

Akanyamaza. Tukaenda mbele. Boneti ilikuwa imelala lakini haijashika sawasawa; unaweza kupenyeza kidole. Chini yake kuna kijiti cha swichi kinachobonyezwa boneti inapofungwa. Kisipobonyezwa, kifaa hukataa kuwasha injini, asije mtu akawa ameinama mle ndani, mikono yake kwenye mikanda, na mwenye gari yuko ghorofani na rimoti yake. Nikainua boneti, nikaiachia ikajifunga kwa kishindo.

Mpwa akabonyeza. Injini ikawaka.

Akampigia mama yake Pate kumsimulia jinsi mjomba alivyo fundi. Nilimsikia dada yangu akicheka kwenye simu, kisha akaomba nipewe.

"Umewaambia habari ya kile kibanio," akaniuliza, "au umejifanya ulizaliwa unajua?"