Kwa Mpwa Wangu, Kuhusu Picha za Faili

Mpwa wangu,

Mama yako kanieleza kwamba umepata kazi ya steshenari, na siku ya pili tu umeanza kulalamika: faili zote za PDF zina sura ya kivinjari cha intaneti, nawe unataka ile alama nyekundu uliyoizoea. Nimecheka. Nami nilipofungua duka nilianza na hilohilo.

Badilisha, hakuna ubaya. Ila ujue picha ile inatoka wapi. Haimo ndani ya faili la PDF. Windows husoma herufi zinazofuata nukta ya mwisho ya jina, .pdf au .docx, kisha huangalia kwenye rejista yake aina hiyo inafunguliwa na programu gani na imepewa picha ipi. Ndiyo maana aghalabu huna haja ya kuhangaika na picha. Chagua programu unayotaka ifungue PDF siku zote, na picha itaifuata. Kwenye Windows XP palikuwa na ukurasa wa kubadilishia picha ya kila aina ya faili. Vista ilipokuja ukaondolewa, na sasa anayetaka picha yake mwenyewe huingia kwenye rejista, mahali ambapo mimi sigusi kitu kabla sijaweka nakala pembeni. Picha yenyewe iwe faili la .ico, ikae kwenye diski ya mashine. Yangu niliiacha kwenye flashi. Siku nilipoichomoa, faili zangu zikaja kugeuka karatasi nyeupe tupu.

Hayo madogo. Kubwa ni kwamba programu, yaani faili la .exe, hubeba picha yake tumboni, na aliyeitengeneza huivika sura aitakayo. Mteja mmoja alileta flashi, anataka kuchapa barua ya maombi ya kazi. Nikaona folda ya njano, nikaibofya mara mbili. Kumbe si folda! Ilikuwa programu yenye sura ya folda, na folda za kweli za mteja zimefichwa. Hadi jioni, kila flashi iliyochomekwa dukani iliondoka na virusi. Wateja wengine niliwarudishia hela zao. Wengine sijawaona tena.

Na kosa halikuwa la yule mteja. Windows, usipoiambia vingine, huficha zile herufi za mwisho, nami nikaiamini picha. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kwa hila ya namna hiyo: kiambatisho cha barua pepe ambacho jina lake lilionekana kuishia na .TXT, kumbe mkiani kuna .vbs.

Basi kabla hujagusa picha hata moja, fungua folda yoyote, nenda kwenye menyu ya View, tafuta File name extensions, uweke tiki. Fanya hivyo kwenye kila mashine ya dukani, hata bosi akisema majina yamekuwa marefu. Na ukiona folda yenye .exe mwishoni, usiibofye. Mwite mwenye flashi aione kwa macho yake.

Ile flashi yangu ya kijani uliyoondoka nayo, mpe mama yako aniletee.

Mjomba wako,
Tanga