KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Katika miaka yote aliyotumikia kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Uganda, sajenti mmoja, ambaye sasa ni mstaafu na makazi yake yako pembezoni mwa mji wa Jinja, alikuwa na amri moja ambayo vijana waliopita chini yake hawakuisahau. Amri hiyo ilisema kwamba redio yoyote isiingie ghalani kabla betri zake hazijatolewa. Aliyeivunja alisafisha kutu ya redio hiyo kwa mswaki hadi jua likazama. Betri, alikuwa akisema, ni mgeni mwema akiwa kazini, lakini ukimlaza ndani ya nyumba bila kazi ataibomoa.

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Sajenti huyo aliyejua sana habari za betri za watu wengine alikuja kugundua kuwa nyumbani kwake mwenyewe, ndani ya sanduku alilolitunza kuliko vyote, betri moja ilikuwa ikila kwa muda wa miaka 20.

Sanduku la Marehemu

Mwaka 1996 yeye na mkewe walinunua kompyuta iliyokwisha tumika. Mkewe alikuwa amesomea kazi ya kupiga taipu, na mara alipoizoea mashine hiyo mpya, nyumba yao katika kota za kambi ikawa kama ofisi ndogo. Askari walimletea barua za kuomba likizo, wake zao wakaleta maombi ya nafasi za shule, na wazee wakaleta madai yao ya kiinua mgongo. Alitoza malipo madogo, akayaandika kwa penseli katika daftari, na kutokana na mapato hayo watoto watatu walilipiwa karo.

Mama huyo alifariki dunia mwaka 2002. Mumewe aliifunga kompyuta katika blanketi la jeshi, akaitia ndani ya sanduku la bati, akalipiga kufuli. Hakutaka iguswe. Aliamini kwamba kwa kufanya hivyo ameihifadhi.

Mwaka 2022 binti yake, ambaye ni askari polisi, alikuja likizo akaanza kupanga stoo. “Baba,” alisema, “hii tuwape wanunuzi wa vyuma chakavu. Inakula nafasi bure.”

“La, mwanangu,” mzee alijibu. “Hebu ilete mezani kwanza.”

Waliichomeka kwenye umeme. Feni ilizunguka, lakini kioo kikabaki cheusi na mashine haikutoa mlio wowote. Mzee akachukua bisibisi, akafungua bati la ubavuni, na alipoona kilichomo akaketi chini pasipo kusema neno. Pembeni mwa ubao mkubwa wa ndani palikuwa pameota ukungu wa kijani na buluu, mfano wa ule unaoota juu ya sufuria ya shaba iliyotelekezwa. Katikati ya ukungu huo palikuwa na kitu cha duara, kirefu kadiri ya kiungo cha kidole. Kilikuwa betri.

Sajenti wa Zamu Ndani ya Mashine

Yafaa ieleweke kwanza ubao huo ni kitu gani. Huitwa ubao mama, na mafundi wengi husema madabodi. Ni bamba gumu lililopitishwa njia nyembamba za shaba, nyingine si nene kuliko unywele, na kila njia hupeleka ujumbe kutoka kiungo kimoja cha mashine hadi kingine. Njia moja tu ikikatika, mashine nzima yaweza kunyamaza.

Juu ya ubao huo hukaa chipu yenye programu fupi iitwayo BIOS. Kompyuta inapowashwa haijui lolote, haijui hata kuwa ina kibodi. BIOS ndiyo huiamsha. Hufanya kama sajenti wa zamu anayeita majina alfajiri kabla ya gwaride: huihesabu kumbukumbu, huulizia kioo, huulizia kibodi, huulizia diski, na asiyeitika hutangazwa. Hali ikiwa njema, hukabidhi mamlaka kwa programu kubwa iliyomo ndani ya diski.

Kompyuta ya kwanza ya IBM ya aina ya PC, iliyotangazwa Agosti 12, 1981, haikuwa na saa idumuyo. Kila asubuhi mwenyewe aliiambia ni tarehe gani. Mwaka 1984 kampuni hiyo ilitoa mashine ya AT, iliyokuwa na saa pamoja na kumbukumbu ndogo ya kutunzia mipangilio, vyote vikilishwa na betri hata umeme ukizimwa. Viwanda vingi vilivyoiga mashine hiyo vikaanza kulehemu betri ndogo ya nikeli na kadmi, yenye volti 3.6, juu ya ubao wenyewe. Desturi hiyo iliendelea hadi katikati ya miaka ya 1990, ilipochukua nafasi betri bapa mfano wa sarafu ambayo haina tabia hiyo ya kuvuja ovyo.

Betri iliyowekwa ili mashine isisahau ndiyo iliyokuja kuwa adui yake. Betri ya nikeli na kadmi ikizeeka hupasuka mishono na kutoa maji yake. Wengi huyaita maji hayo asidi, kumbe sivyo. Ni alkali, jamii moja na magadi, lakini kali zaidi. Hutambaa chini ya rangi ya ubao, hula shaba, hupanda hata ndani ya miguu ya chipu. Haihitaji umeme ili itende kazi yake. Sandukuni, gizani, chini ya blanketi, huendelea kula.

Majuma Matatu Mezani

Kwa kuwa maji hayo ni alkali, dawa yake ni asidi nyepesi, na kila jiko lina asidi hiyo, nayo ni siki. Mzee alifungua madirisha, akavaa glavu, kwa sababu kadmi ni sumu, akaikata betri na kuiweka katika chupa yenye kifuniko. Kisha alipaka siki kwa mswaki wa zamani, povu likatoka, akasuuza kwa maji safi, akamalizia kwa spiriti na kuuacha ubao ukauke siku mbili. Mswaki na bakuli alivyotumia havikurudi jikoni tena.

Ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Kila jioni alishika mita ya kupimia umeme na kufuata njia moja baada ya nyingine, huku binti yake akimulika kwa tochi. Mita ikilia, njia ni nzima. Ikinyamaza, pameliwa. Walihesabu njia 11 zilizokatika. Mahali pa kila moja mzee alilehemu waya mwembamba, akaubandika kwa gundi usicheze.

Katika juma la tatu wakaiwasha tena. Mashine ililia mlio mmoja mfupi, kioo kikapata nuru, na tarakimu za kumbukumbu zikaanza kupanda. Kisha ikasimama na kutangaza kwamba kibodi ina hitilafu, ikimwamuru mtumiaji abonyeze kitufe cha F1 cha kibodi hiyo hiyo ili aendelee. Binti alicheka hadi machozi yakamtoka. Mzee naye, ambaye hakuwa amecheka mbele ya sanduku lile tangu mwaka 2002, alicheka. Hitilafu hiyo ni ya kawaida, kwa kuwa katika mbao nyingi za namna hiyo betri iliwekwa jirani na tundu la kibodi. Waya mmoja zaidi ukaimaliza.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote. Saa ya mashine ilisema ni Januari 1, 1980, na diski haikutambuliwa. Katika mashine nyingi za umri ule, mwenyewe alipaswa kuiambia BIOS umbo la diski kwa tarakimu tatu, yaani idadi ya silinda, ya vichwa na ya sekta. Tarakimu hizo zilitunzwa na betri, na zilikufa pamoja nayo. Kibandiko cha diski kilikuwa kimefifia, hakisomeki.

Binti alikaa kimya kwa muda, kisha akainuka na kwenda chumbani. Alirudi na daftari la mapato la mama yake. Nyuma ya jalada, kwa mwandiko wa penseli uliosimama wima kama gwaride, palikuwa pameandikwa: “Diski: 762, 8, 39. Tusisahau.”

Waliziingiza. Diski ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena, kisha orodha ya barua ikashuka juu ya kioo. Si zote zilizofunguka, kwani baadhi zilikuwa zimeharibika zisisomeke. Lakini iliyofunguka kwanza ilikuwa ya koplo mmoja aliyeomba siku saba akamzike babaye, na chini yake mama alikuwa ameandika kwamba barua hiyo isitozwe malipo. Mzee aliisoma mara mbili, akaomba aachwe peke yake kidogo.

Rafu ya Wagonjwa

Tangu siku hiyo mzee hakuacha kazi ile. Aliwaomba wanunuzi wa vyuma chakavu wamletee mbao za zamani badala ya kuzivunja, naye huwalipa kwa uzito. Sasa ana rafu nzima. Jambo la kwanza analofanya kwa kila mgeni ni lile lile alilowaamuru vijana wake: hutoa betri. Kompyuta ya marehemu ameipa betri tatu za tochi ndani ya kikasha kilicho mbali na ubao, zikiunganishwa kwa waya na dayodi, yaani kilango kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, kusudi ubao usijaribu kuzichaji.

Amejifunza kuwa kila kizazi cha mbao kina ugonjwa wake. Zilizotengenezwa karibu na mwaka 2000 na miaka michache iliyofuata mara nyingi zina kapasita zilizovimba vichwa na kutoa utomvu, kwa sababu ya kimiminika kibovu kilichotiwa ndani yake. Dawa ni kuzing’oa na kulehemu mpya. Za mwisho wa miaka ya 1990 nyingine zilipoteza BIOS kwa virusi vilivyoitwa CIH, vilivyoandikwa na mwanafunzi mmoja wa Taiwan mwaka 1998, na vilivyolipuka Aprili 26, 1999 vikifuta hata chipu ya kuamshia. Ubao wa namna hiyo huonekana mfu kabisa, ingawa hakuna waya hata mmoja uliokatika. Mafundi huufufua kwa kuiandika upya chipu yake, ama kwa chombo maalumu, ama kwa kuuwasha ubao mwingine wa aina ile ile, kung’oa chipu yake ungali unafanya kazi, na kupachika ile iliyofutika ili iandikwe. Kazi hiyo haimfai mtu wa haraka.

Chipu za zamani zaidi zina kidirisha kidogo cha kioo juu yake. Maandishi yake hufutwa kwa miale ya urujuanimno, na watengenezaji walionya kuwa juma moja la jua kali latosha kuzifuta. Ndiyo sababu hubandikwa karatasi juu ya kidirisha. Hata gizani, umeme mdogo unaoshika maandishi hayo hupungua kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo mzee huisoma kila chipu angali anaweza, na kutunza nakala zaidi ya moja. Baadhi ya viwanda vilivyoziandika havipo tena. Ikipotea nakala ya mwisho, hapana wa kuulizwa.

Funzo kwa Nyumba Zetu

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako hamna kompyuta ya mwaka 1992. Lakini hapana shaka ipo tochi, ipo redio, yupo mwanasesere wa mtoto, ipo saa ya ukutani iliyosimama. Kabla ya kukiweka chombo chochote, kitolee betri. Angalia pia zile zisizoonekana kwa nje. Betri iliyovuja usiishike kwa mkono mtupu, wala usiitupe shimoni au motoni. Iweke katika chupa mbali na watoto hadi utakapoipeleka panapopokewa taka za namna hiyo. Na jambo lolote ambalo hutaki lisahauliwe, liandike pia kwa penseli.

Sanduku la bati bado lipo katika stoo ya mzee, lakini sasa mna mahindi ya mbegu. Kompyuta iko mezani. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana huiwasha kwa dakika chache, husikiliza mlio ule mmoja mfupi, huhakikisha tarehe ni sahihi, kisha huizima. Daftari lenye jalada lililochakaa hulala juu yake.